Sukari, Fedha na Swali Lililoachwa



Kabla sijaanza, naomba kila mhariri na mwandishi wa habari za afya aliye hapa aigeuze chupa ya soda iliyo mbele yake asome yale maandishi madogo ya ubavuni. Yangu inasema: sukari gramu 10.6 kwa kila mililita 100. Msomaji mwenye haraka ataona kumi na kitu, ataridhika. Lakini nani anayekunywa mililita 100? Chupa ni ya 350. Humo mna gramu 37, zaidi ya vijiko tisa vya chai. Mwenyeji akimtilia mgeni vijiko tisa kwenye kikombe kimoja, mgeni atadhani ana kisa naye. Na bado lebo haikudanganya. Kila tarakimu pale ni ya kweli, ila imepangwa ili isisumbue. Ukweli wa namna hiyo ndio nitakaouzungumzia.

Mwaka 1954 Henry Hass, rais wa Sugar Research Foundation, taasisi ya wenye viwanda vya sukari wa Marekani, alitoa hotuba iliyokuwa na hesabu nyepesi. Wamarekani walikuwa wanapata asilimia 40 ya nishati ya chakula chao kwenye mafuta. Wakishawishika kushuka hadi asilimia 20, pengo litazibwa na vyakula vya wanga, na ulaji wa sukari kwa kila mtu utapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Yaani ushauri wa daktari kuhusu mafuta ulikuwa pia soko la sukari.

Miaka kumi na moja baadaye, tafiti zilipoanza kuinyooshea sukari kidole katika maradhi ya moyo, John Hickson wa taasisi hiyohiyo aliwaendea wataalamu wa lishe wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walilipwa dola 6,500, karibu dola 50,000 kwa thamani ya mwaka 2016, waandike mapitio ya tafiti zilizokuwapo. Hickson aliwaeleza anachokihitaji, akawapelekea makala alizotaka zijibiwe, akasoma rasimu, akaridhika. Mapitio yakatoka mwaka 1967 katika New England Journal of Medicine. Wafadhili wengine wa waandishi wale walitajwa. Huyu hakutajwa.

Ukiyasoma leo huoni uongo wa waziwazi. Utakachoona ni machekeche mawili. Tafiti zilizoilaumu sukari zilichekechwa kwa lile la matundu madogo, kila moja ikakutwa na kasoro. Zilizoyalaumu mafuta zikapita kwenye lile la matundu makubwa. Msomaji wa kawaida, hata daktari, anaona unga tu. Chekeche halioni. Ilichukua karibu nusu karne hadi Cristin Kearns, daktari wa meno, alipozipekua barua za Hickson kwenye hifadhi za vyuo, na mwaka 2016 yeye na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakayachapisha waliyoyakuta.

Wapo wanaopinga. Mwaka 2018 wanahistoria wawili waliandika katika jarida la Science kwamba hii si njama: zama zile kupokea fedha za viwanda lilikuwa jambo la kawaida, na wataalamu wale walishaamini tangu zamani kwamba tatizo ni mafuta. Mimi nadhani wana hoja. Hickson hakuhitaji kumnunua mtu aseme asichokiamini. Alimtafuta anayeamini tayari, akampa fedha na jukwaa. Wazee wamesema mkono mtupu haulambwi; wangeongeza kwamba mkono wenye kitu nao huchagua nani aulambe.

Na huchagua pia lini uondoke. Mwaka 1968 taasisi ileile ya sukari ilifadhili utafiti wa panya katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Zikajitokeza dalili kwamba sukari inahusiana na kimeng'enya kilichohusishwa na saratani ya kibofu. Mtafiti akaomba wiki 12 amalizie kazi. Akanyimwa, na matokeo hayakuchapishwa. Panya si watu, na dalili si ushahidi, lakini swali lenyewe lilizimwa kabla halijajibiwa.

Haya si ya kale tu. Mwaka 2015, mwaka uleule Shirika la Afya Duniani liliposhauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5 (kama vijiko sita kwa mtu mzima), gazeti la New York Times lilifichua kwamba Coca-Cola ilitoa dola milioni 1.5 kuanzisha mtandao wa wanasayansi uliohubiri kwamba watu wanahangaika mno na chakula na kusahau mazoezi. Kabla mwaka haujaisha mtandao ulivunjwa.

Nami sina pa kujificha. Miaka ya nyuma nilialikwa hotelini kwenye semina ya lishe iliyolipiwa na mtengenezaji mmoja wa vinywaji. Tulipewa bahasha ya nauli, kalamu na taarifa iliyokwisha kuandikwa. Niliporudi ofisini nilibadili aya ya kwanza tu. Kichwa cha habari kilikuwa kuhusu mazoezi na kitambi, na daktari niliyemnukuu alikuwa mkweli kabisa: mazoezi ni mazuri. Neno sukari halimo katika habari ile yote. Hakuna aliyeniomba niliache, nami sikuuliza kwa nini halikuwamo.

Habari ile niliikuta tena mwezi uliopita nikitafuta kitu kingine. Nimeirudufu, ipo kwenye majalada yenu bila jina langu wala la kampuni. Baada ya chai, kila kundi litaipitia na kuandika maswali matatu ambayo mwandishi angepaswa kuuliza siku ile. Chupa naomba zibaki mezani.