Mipira ya Kushikia kwenye Pikipiki ya Kikundi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo sana: ile mipira miwili ya kushikia iliyo kwenye usukani wa pikipiki. Mafundi huiita gripu. Siku hizi vikundi vingi vina pikipiki, ya kubeba maziwa, ya kupeleka mboga sokoni, au ya boda boda ili mfuko wa kikundi upate chochote. Tukifungua daftari la mweka hazina tunaona oili, tairi, cheni, breki. Gripu hatuzioni. Kikundi husema hiyo ni juu ya dereva, dereva naye husema pikipiki si yake. Basi mpira unalika mpaka chuma kinachungulia, dereva anafunga kipande cha tyubu kuukuu juu yake, na safari inaendelea.

Sasa tuwaulize madereva wetu habari za mikono. Anayeshinda barabarani tangu alfajiri atakwambia vidole hufa ganzi. Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa kwenye kidole cha mwisho na jirani yake, ni mshipa mwingine, ule wa ukingoni mwa kiganja. Mtetemo wa injini na barabara ya mawe huchangia, na kushika kwa nguvu huzidisha, kwa sababu kadiri unavyokaza mkono ndivyo mtetemo unavyozidi kuingia. Na mtu hukaza lini? Anaposhika kitu kinachoteleza, kitu kinachozunguka, kitu kisichomtosha. Mkono wenye ganzi hauhisi breki sawasawa, na nyuma yake kuna mama aliyebeba mtoto.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: anayetumwa dukani awe dereva mwenyewe. Mweka hazina tunamheshimu, lakini yeye ataangalia bei, na vijana wa duka la spea watamwonyesha zile za rangi za kumetameta. Dereva ashike gripu kama anayeendesha. Ncha za vidole zikaribie kugusa kiganja, kucha zisichome. Gripu nyembamba mno humfanya akunje ngumi kutwa nzima, na nene mno huchosha mkono wote hadi kwenye kiwiko. Watu hufikiri nene ndiyo ya starehe. Kwa mwenye kiganja kikubwa, sawa. Kwa msichana wa kikundi mwenye mkono mdogo ni mateso, tena vidole vyake vitachelewa kufikia klachi na breki. Pikipiki ikiwa na madereva wawili, chagueni unene unaomfaa mwenye mkono mdogo.

Halafu bonyeza kwa kidole gumba. Mpira mzuri hubonyea kidogo na kurudi. Ule mgumu kama plastiki hupitisha mtetemo wote. Sponji ni laini kweli, na mkono huipenda siku za kwanza, lakini hunyonya maji ya mvua na kuchanika upesi, hivyo kwa kazi ya boda hatuipendekezi. Tazama pia michoro yake. Laini kabisa huteleza kwa jasho, na yenye matuta makubwa hutoa malengelenge. Michoro midogo midogo inatosha.

Mwende na gripu za zamani mkononi. Usukani wa pikipiki nyingi za boda ni bomba la milimita 22. Upande wa kulia kuna bomba la plastiki juu yake, lile linalozunguka na kuvuta waya wa mafuta, kwa hiyo gripu ya kulia ina tundu kubwa zaidi, kama milimita 25. Huuzwa mbili pamoja na hazibadilishani. Tumeona fundi akiweka ya kulia upande wa kushoto, kisha akijaza karatasi ya nailoni ndani ili ikaze. Hiyo itazunguka tu, siku ya mvua, kwenye kona.

Kufunga si kazi kubwa. Kata ya zamani kwa kisu, taratibu, usijeruhi ile plastiki ya upande wa mafuta. Pangusa gundi iliyobaki na uache pakauke. Ingiza mpya kwa maji ya sabuni, au kwa gundi ya gripu, na uiache ilale usiku mmoja kabla ya kazi. Oili na grisi, hapana! Zitaingiza gripu haraka, na zitaitoa haraka vilevile.

Upande wa kulia acha nafasi ndogo, kama unene wa sarafu, kati ya gripu na kasha la swichi. Hapa ndipo tyubu ya kufungia inapotutia hofu. Ikisukumwa ikabana kwenye kasha, mafuta hayarudi, na pikipiki inakwenda mbele dereva akitaka isimame. Injini ikiwa imezimwa, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, uachilie. Lazima urudi wenyewe. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa.

Mtetemo ukiwa bado mkali, msilaumu gripu. Angalieni boti za kushikilia injini, cheni, na upepo wa tairi. Na dereva ambaye ganzi humwamsha usiku, au vidole vyake huwa vyeupe wakati wa baridi, aende zahanati.

Kuhusu malipo, andikeni katika kanuni za kikundi kwamba gripu hulipwa na mfuko, kama tairi. Bei yake ni ndogo sana kando ya tairi.

Haya, sabuni, kisu na ndoo ya maji viko pale mlangoni. Tuanze na ile pikipiki ya maziwa.