Kiwanja cha Shule ni Mali ya Nani?

(Maneno yaliyosemwa Kombani mbele ya wanachama na wazazi)



Wako watakaouliza, watu wa reli wana habari gani na michezo ya shule ya sekondari? Hapa Kombani reli haipiti, sisi wenyewe twavuka feri ya Likoni kuifuata. Jibu letu ni kwamba watoto wanaosoma katika shule hizi ni wetu. Tena chama cha wafanyakazi na kiwanja cha mpira wamejuana tangu zamani. Tarehe 13 Januari 1947, watu wa reli, wa bandari na wa kazi nyingine nyingi walipogoma Mombasa kwa ajili ya mishahara, hawakuwa na ukumbi wa kukutania. Walikutana Majengo, katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, na kazi zilisimama karibu siku 12. Kama uwanja ule ungalikuwa umekwisha kujengwa maduka, wangalikutana wapi?

Basi tuanze na kiwanja. Uwanja wa mpira wa miguu wa kiasi, meta 100 kwa 64, hula eka moja na nusu na kidogo zaidi. Huku kwetu ardhi imekuwa ghali, na tangu barabara ya Dongo Kundu ilipotupa njia ya kufika bara pasipo feri, mwaka 2024, kila mwenye fedha atafuta ploti. Mtu huyo akipita akaona eka moja na nusu ina majani na mbuzi wawili, hudhani ni mahali patupu pasipo mwenyewe. Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliporudi kutoka likizo walikuta kiwanja chao kimezungushiwa ukuta. Wakausukuma ukuta, na polisi wakawatupia moshi wa kutoa machozi. Nchi nzima iliona aibu, na kiwanja kikarudishwa. Lakini ni haya gani hii, wazazi tulale mpaka watoto ndio wasukume ukuta? Shule isiyo na hati ya ardhi ni kama behewa lisilofungwa breki penye mteremko. Leo limesimama, na kila mtu aridhika.

Sasa tuseme habari ya kipindi chenyewe. Tangu mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mazoezi ya mwili yaliandikwa katika ratiba, lakini hayakuwa na mtihani wa mwisho wa kuyapima, na jambo lisilo na mtihani huliwa kwanza. Tunajua shule moja, jina lake tunaliacha, ambako dakika 40 za michezo ziko ukutani kwa wino mzuri, na watoto watuambia kwamba kila wiki huingia mwalimu wa hesabu na chaki yake. Sisi hatushangai. Mara ngapi saa ya kupumzika imeandikwa katika mapatano ya kazi, na nyapara asiione? Mwezi wa Januari 2026 darasa la kwanza la Gredi 10 liliingia shule za sekondari kwa mtaala mpya. Humo mazoezi ya mwili ni ya kila mwanafunzi, na sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu za kuchagua. Ni habari njema, lakini twajua karatasi ni karatasi.

Wako wazee wasemao mpira haujazi sufuria. Ni kweli, nasi hatutawadanganya kwamba kila kijana wa Matuga atakuwa Victor Wanyama. Katika mia, pengine hapatoki hata mmoja atakayelipwa kwa kucheza. Sisi twasema juu ya wale wengine wote. Shirika la Afya la Dunia limesema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate kama dakika 60 za kutumia mwili kila siku. Mtoto wa sekondari huamka alfajiri, huketi darasani mpaka jioni, kisha huketi tena usiku na vitabu. Aliyewahi kuinua taruma na wenzake ajua kwamba mgongo haununuliwi siku unapoajiriwa. Hujengwa ukingali mchanga.

Jambo la mabinti lataka kusemwa polepole, maana hapa kwetu baba wengi huwakataza kwa ajili ya mavazi. Heshima ya dini hatuigusi. Lakini fahamuni kwamba FIFA iliruhusu wachezaji wa mpira wa miguu kufunika kichwa mwaka 2014, na wakubwa wa mpira wa kikapu wakafuata mwaka 2017. Basi binti aweza kuvaa suruali ndefu na hijabu akacheza, na refa hana neno. Tena si lazima kutazama mbali. Wasichana wa Kaya Tiwi, jirani zetu, wamejulikana Pwani nzima kwa mpira wa kikapu. Katika mfungo wa Ramadhani mwalimu mwenye akili hupunguza mbio, na siku za kaskazi huchezesha asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Shule ikisema haina nafasi wala fedha, mjibuni kwa hesabu. Uwanja wa mpira wa mikono ni meta 40 kwa 20, yaani sehemu moja katika nane ya ule wa mpira wa miguu. Goli lake ni meta 3 kwa 2, na miti ya mvinje yatosha kulisimamisha. Wa voliboli ni meta 18 kwa 9 tu, wavu mmoja na nguzo mbili.

Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 yatoa nafasi sita katika halmashauri ya shule kwa watu waliochaguliwa kusimama kwa ajili ya wazazi. Nafasi hizo mara nyingi huchukuliwa na aliyeketi mbele siku ya mkutano. Twaomba safari hii msimamishe watu watakaouliza maneno mawili: hati ya ardhi iko wapi, na kipindi cha michezo kilifanywa lini mara ya mwisho. Wajibiwe kwa maandishi, na barua isomwe hapa hapa.

Kwa upande wetu, wanachama wasio na zamu Jumamosi wamekubali kuja kuchimba mashimo ya magoli. Mwenye jembe au sururu aje nayo, maana udongo ni mgumu upande ule wa minazi. Chai tutapika wenyewe.