Roboti haianzi na mashini, inaanza na mutu



Wengi wetu tunafikiri roboti ni mambo ya Ulaya na Japani tu. Lakini mwaka 2013, ku barabara za Kinshasa, ziliwekwa roboti kubwa za aluminiamu za kuongoza magari. Zilitumia umeme wa jua na zilikuwa na kamera. Zilitengenezwa na Wakongomani: injinia Thérèse Izay Kirongozi, aliyesoma ku ISTA ya Kinshasa, pamoja na wenzake.

Kazi kama ile inaomba watu wa namna nyingi: wa kuchomelea chuma, wa kuunga waya, wa hesabu, wa kuandika programu. Hapa Kalemie vijana wetu wamekwisha kuanza: wanatengeneza redio na simu ku soko, wanafunga paneli za jua juu ya nyumba. Wanachokosa ni diploma ya Serikali. Bila hiyo, mulango wa chuo kikuu haufunguke.

Na sisi tuliorudi tunajua vizuri: mutoto aliyebadilisha shule kwa sababu ya kukimbia, njo wa kwanza kuachishwa wakati franga zinakosa. Kama ni binti, anaachishwa mbele ya kaka yake.

Njo maana tunaomba. Memba, usitoe mutoto ku shule mwaka wa mwisho. Kuja kwanza tuongee. Wafadhili, tusaidieni kulipa mtihani wa Serikali. Ni franga kidogo kuliko za chuo, lakini bila hizo za chuo hazina kazi.