Kichefuchefu cha Dawa za Saratani: Maneno ya Kamati ya Afya



Kutoka hapa Nchelenge kupitia Mwansabombwe hadi Hospitali ya Saratani, iliyofunguliwa Lusaka mwaka 2007, ni safari ndefu. Tusikubali mgonjwa aache matibabu kwa kuogopa kutapika.

Wagonjwa hawatapiki sawasawa. Kwanza ni aina ya dawa: sisplatini hutapisha sana. Tena hatari ni kubwa zaidi kwa wanawake, vijana, mama waliotapika sana wakiwa na mimba, na wale wanaochafukwa na moyo mtumbwini ziwani Mweru. Wasiokunywa pombe pia. Lakini pombe si dawa.

Dawa ya kuzuia kutapika huanza kutolewa kabla ya dripu. Basi tuyaseme haya kwa muuguzi mapema, kwa mkalimani ikibidi.