Somo la Leo: Kupima Mwinamo wa Meno ya Mbele

Wekeni tayari karatasi, penseli na kipimapembe.

Mtoto akipelekwa kwa daktari wa kunyoosha meno, kumtazama kwa macho hakutoshi. Jicho huona sehemu ya jino iliyo nje tu; mzizi umezama mfupani. Kwa hiyo kichwa hupigwa picha ya eksirei kwa upande, kikiwa kimeshikwa kisitikisike. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1931 na Broadbent huko Marekani, na Hofrath huko Ujerumani.

Sasa tuchore. Piga mstari uliolala. Huo ni ukingo wa chini wa taya la chini, ule mfupa unaoupapasa kwa kidole toka kidevuni kwenda upande wa sikio. Piga mstari wa pili kupitia jino la mbele la chini, toka makali yake hadi ncha ya mzizi, kisha uurefushe hata ukutane na ule wa kwanza. Pima pembe ya upande wa nyuma. Ikiwa digrii 90, jino limesimama wima juu ya taya. Ikizidi, limeinamia mdomoni. Ikipungua, limeinamia ulimi.

Daktari Charles Tweed wa Arizona aliona kuwa nyuso alizozihesabu kuwa nzuri zilikaribia digrii 90. Ili kufikia kipimo hicho, wagonjwa wake wengi aliwang'oa magego madogo manne, apate nafasi ya kurudisha meno ya mbele nyuma. Lakini nyuso hizo, nyingi zilikuwa za Wamarekani weupe. Waafrika walipopimwa, wakiwamo watoto Wakikuyu wa Kenya katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989, meno yao ya mbele yalionekana kuinamia mbele zaidi.

Basi mtoto akipatikana na digrii 98, tusikimbilie koleo. Tuulize kwanza: Je, anauma na kutafuna vizuri? Anafumba midomo bila kujikaza? Ufizi wake ni mzima? Kipimo humwonyesha daktari jino lilivyokaa. Hakimwambii kwamba uso wa mtu ni kasoro. Na gego zima likisha kung'olewa, halioti tena.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini picha hupigwa kwa upande?
2. Pembe ya digrii 85 yaonyesha nini?
3. Kipimo cha watu wa mahali pamoja chaweza kuwadhuru vipi watu wa mahali pengine?