Mshipa Ukishazibuliwa, Dawa Zisiachwe



Nimeombwa nizungumze juu ya kuzibuliwa kwa mishipa ya moyo bila ya kupasuliwa kifua. Matibabu hayo leo hupatikana hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, lakini yalianzia Zürich, nchini Uswisi, tarehe 16 Septemba, 1977. Siku hiyo daktari Andreas Grüntzig alimpenyezea mgonjwa wa miaka 38 mrija mwembamba, kutoka kinenani hadi kwenye mshipa wa moyo, akiongozwa na picha za eksirei. Mgonjwa alikuwa macho. Karibu na ncha ya mrija palikuwa na kiputo. Kilipojazwa kikaikandamiza ile takataka ya mafuta iliyoshika ukuta wa mshipa, damu ikapita. Viputo vya kwanza Grüntzig alikuwa akiviunda jikoni kwake!

Hata hivyo, mishipa mingi iliyopanuliwa hivyo ilirudi kuwa myembamba baada ya miezi michache. Ndipo mwaka 1986 madaktari Jacques Puel na Ulrich Sigwart walipoanza kuacha ndani ya mshipa kimrija cha wavu wa chuma, yaani stenti, kiuzuie usijifunge.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Wengi hudhani kwamba stenti ikishawekwa, maradhi yamekwisha. Sivyo hata kidogo. Aliyepatwa na shambulio la moyo huokolewa nayo, ilimradi afikishwe upesi, kwani nyama ya moyo inakufa kila dakika ipitayo. Lakini kwa wengi ambao hubanwa kifua wapandapo ngazi na kupata nafuu wakipumzika, majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2007 na 2020 yalionyesha kuwa stenti hupunguza maumivu, wala haipunguzi vifo kuliko dawa peke yake.

Aidha, damu huelekea kuganda juu ya chuma kigeni. Kwa hiyo mgonjwa hupewa aspirini pamoja na dawa ya pili, ambayo kwa kawaida huitumia miezi sita hadi mwaka mzima.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu aliyeziacha zote mbili baada ya wiki sita, kwa kuwa alijiona mzima. Alirudishwa hospitali kwa machela, usiku, stenti imeziba. Alipona kwa shida. Siku hizi vidonge vyake hukaa kwa mkewe, naye humpa kila asubuhi kabla ya chai.