Jina Lako ni Amana
(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Garsen, Tana River)





Tukisikia mihadarati, sisi watu wa Pwani mawazo hukimbilia baharini. Si bure. Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani yetu likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Lakini leo nazungumzia njia ndogo zaidi: kifurushi cha posta.

Kule Marekani, fentanili ilikuwa ikiingia kwa posta kutoka ng'ambo na kuua watu wengi. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria iitwayo STOP Act: kabla kifurushi hakijafika, taarifa zake zitangulie kwa kompyuta. Nani katuma, nani anapokea, ndani mna nini. Tangu Januari 2021, Umoja wa Posta Duniani nao unataka taarifa hizo kwa kila kifurushi cha bidhaa kinachovuka mpaka.

Sasa fikirini, jamani. Kompyuta inataka jina, na mwenye mali haramu haandiki lake. Atatafuta la kijana asiye na kazi, mwenye kitambulisho safi. "Nipokelee tu parseli, nitakutoa chai." Na hapa Garsen ni njia panda: magari ya Malindi, Lamu na Hola yote yanapita, na kupokeleana mizigo ni ada yetu.

Sheria ya Kenya ya mihadarati ya 1994, iliyokazwa 2022, haiishii kwa muuzaji. Kuingiza, kusafirisha, kuhifadhi na kufikisha, vyote vimo ndani ya ulanguzi. Utabaki kueleza mahakamani kwamba hukujua.

Hata miraa, ambayo sheria yetu inairuhusu, Uingereza iliipiga marufuku 2014, na Marekani pia imekatazwa. Ukimtumia jamaa yako huko ukaandika "majani ya chai", atakayegongewa mlango ni yeye.

Basi vijana wenzangu, usipokee usichokijua, wala usiazimishe kitambulisho. Mtu akikataa kufungua mzigo mbele yako, mwachie mzigo wake.

Nanyi wazee wetu, kijana akisema, "Shikamoo mzee, huu sitaupokea," msimwone hana adabu. Amekataa kwa sababu jina alilopewa na nyinyi ni amana.

Wabillahi tawfiq.